Kuamsha Pijo ya Mzee Leodegar

Benchi letu liko Kiboriloni, kando ya barabara iendayo Himo, mbele ya kinyozi ambaye hapati wateja kwa sababu wateja wake wote wamekaa kwetu. Mimi Gidioni ndiye muuza kahawa, na niseme mapema kwamba subira yangu ni ndogo kuliko vikombe vyangu. Sote pale ni watu wa Kirua tuliotelemka kutafuta maisha. Kwetu kahawa ulikuwa mti wa kulipia ada ya shule. Kuinywa wengi wamefundishwa na mimi, na sasa hawanyanyuki. Desemba ile ya tisini na sita walikaa wiki nzima wakibishania jambo moja, gari la marehemu mzee Leodegar.

Gari lenyewe ni Pijo 404 ya kijani. Mzee alilinunua mwaka ule kahawa ilipopanda bei na kila mtu akadhani haitashuka tena. Ilipokuja shida ya petroli akaliingiza bandani, akalipandisha juu ya mawe, akalifunika kwa magunia, akasema litatoka petroli ikirudi. Petroli ilirudi. Mzee alikuwa ameshachoka, halafu akafariki, na gari likabaki pale pale. Sasa Jovin, kitinda mimba wake anayeishi nyumbani na mama, alikuwa amemwahidi mama yake kwamba Krismasi atampeleka misa kwa gari la baba. Mama Veronika ana magoti mabovu, na huu ulikuwa mwaka wa pili anasali na redio. Krismasi iliyopita mwanawe mkubwa, Ronald, alikuja na gari zuri kutoka Dar, lakini kiti cha mama kilikaliwa na kreti za bia. Mama akasema basi, hapandi tena gari la mtu. Habari ile iliniuma, nami si mtu wa kuumwa na habari za watu.

Jovin: Jamani, Krismasi ni wiki ijayo. Nianzie wapi?

Wa kwanza kujibu akawa Eliona, tunayemwita Pistoni. Alikuwa utingo wa basi, na injini anazijua kwa kuzisikia zikinguruma chini ya miguu yake.

Pistoni: Anza na plagi. Chomoa zote, mimina dizeli kwenye silinda, liache lilowe siku tatu. Pistoni zimeng'ang'ania, mbe, ndugu yangu. Zikilainika unazungusha kwa hendeli, linakohoa, linawaka.

Jovin: Hendeli tumefungia mlango wa zizi.

Pistoni: Basi fungulia ng'ombe.

Primus akacheka. Huyu anauza vipuri vilivyotumika, na tunamwita Dubai, ingawa mwisho wa safari zake ni Taveta.

Dubai: Dizeli ya nini? Hili si soko huria, mshkaji? Injini unatoa, unatupa. Unaweka ya Kijapani.

Pistoni: Haiingii.

Dubai: Unakata mbele.

Pistoni: Na gia boksi?

Dubai: Unatupa. Ekseli unatupa. Bodi nayo imeshaoza, unatupa.

Jovin: Sasa kinabaki nini?

Dubai: Namba! Si mama anataka gari la mzee? Namba ni ya mzee.

Mzee Ebenezeri akaweka kikombe chini. Alikuwa karani wa ushirika, ni mzee wa kanisa la Kilutheri, na boma lake limepakana na la Leodegar. Jina lake hapa ni Ushirika, na kwa maoni yake dunia iliharibika siku watu binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa.

Ushirika: Hamjui mnachosema. Gari lile si bovu. Limegoma.

Jovin: Limegoma, mzee?

Ushirika: Lile lilizoea petroli ya serikali. Unapanga foleni, una kibali mkononi, unawekewa kwa heshima. Ukilimiminia hii inayouzwa kila kona, litatapika.

Pistoni: Mzee wangu, gari litajuaje? Halina ulimi.

Ushirika: Kahawa ina ulimi? Mbona huko Ulaya inajulikana imetoka wapi?

Hapo nilishindwa kujua nani amemshinda nani, nikamimina tu. Jovin alikuwa ameshika kichwa.

Jovin: Hata betri sina.

Pistoni: Betri ya nini na wewe unaishi mlimani? Watu wa tambarare ndio wanaohitaji betri. Wewe unaliweka njiani, tunasukuma, linateremka lenyewe. Mpaka likifika barabara ya Himo litakuwa limewaka zamani.

Dubai: Na lisipowaka?

Pistoni: Litakuwa limefika.

Jovin: Breki hazishiki, Pistoni. Mpira wote umekauka.

Pistoni: Unataka kuwasha gari au unataka kulisimamisha? Chagua kimoja.

Ushirika: Tena lisukumwe na watu waliovaa vizuri. Leodegar hakupenda kusukumwa ovyo.

Dubai: Ndiyo maana mimi nasema, kabla ya yote, mzee aombwe. Gari la marehemu huligusi hivi hivi. Unachukua kibuyu cha pombe ya mbege, unamwagia pale kaburini, unasema, baba, tunaomba funguo.

Jovin: Funguo ninayo.

Dubai: Unaomba hata hivyo.

Jovin: Na Paroko akisikia?

Dubai: Paroko naye anakuja na maji ya baraka. Kaburi si liko mbele ya banda? Hatatembea sana. Anamaliza kwa mzee, anahamia kwenye boneti.

Ushirika: Kwa Walutheri ingetosha wimbo mmoja.

Waliendelea hivyo mpaka birika la pili. Dubai, kwa maneno, akawa ameshafunga redio yenye kaseti kwenye gari asilolitazama tangu msibani. Pistoni akawa amebuni namna ya kulilisha mbege iliyochujwa iwapo petroli itakataliwa. Ushirika akaanza kugawa viti: mama mbele, yeye mwenyewe nyuma yake, kwa kuwa ni jirani. Mimi nikashindwa kuvumilia.

— Hivi, katika ninyi, nani amepanda kwenda kuliangalia hilo gari? Yeyote. Hata kwa bahati mbaya.

Wakanuna. Ushirika akasema yeye analijua tangu likiwa jipya, aliangalie la nini. Jovin peke yake ndiye aliyesema analiona kila siku, kwa sababu kuku wa mama anatagia kiti cha nyuma.

Ndipo pikapu ya ndizi ikasimama mbele yetu. Elinipendo, anayeleta mikungu ya watu wa Kirua sokoni kila siku ya gulio, akashuka, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango na kumshika mkono abiria wake. Alikuwa Mama Veronika, na kitenge chake cha kanisani, anateremsha mguu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeingia mtoni.

Benchi zima likasimama. Shikamoo zikamiminika.

Ushirika: Karibu, Mama Ronald! Karibu ukae.

Mama: Marahaba. Ebenezeri, habari za tangu jana. Nimekuja kuona gari limefikia wapi, maana kule nyumbani halijasogea.

Wakamweleza wote kwa pamoja: dizeli, hendeli, injini ya Kijapani, petroli ya serikali, mteremko. Mama alisikiliza vizuri sana. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, mpaka nikaona aibu kwa niaba yao.

Mama: Aika, asanteni. Mmefanya kazi. Sasa tuseme limewaka.

Pistoni: Limewaka, mama!

Mama: Litapita wapi?

 Pistoni alitazama barabara, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

Jovin: Kupita wapi kivipi, mama?

Mama: Kutoka bandani mpaka njiani.

Pistoni: Si kule lilikoingilia?

Mama: Lilikoingilia, kushoto Ronald amejenga nyumba, jiko lake limegusa mlango wa banda. Kulia mdogo wake, Godlove, amejenga ukuta. Katikati panapita mtu na toroli. Na hapo katikati amelala baba yao. Nani atamwomba asogee?

Dubai akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mama hakupandisha sauti hata kidogo. Akamgeukia mmoja mmoja kwa upole.

Mama: Ebenezeri, wakati watoto wanagawana kihamba, shamba la baba yao, masale ya mpaka ulipanda wewe. Eliona, matofali ya ukuta ulibeba wewe, nikakupikia na chai. Primus, vigae vya kaburi ulileta wewe, ukasema vimetoka Dubai. Na wewe Jovin ulisema baba alale mbele ya gari lake, kwa kuwa alilipenda. Ulisema vizuri. Wote tulilia.

Jovin: Mama, napita pale kila siku.

Mama: Unapita na ndoo, mwanangu. Hujapita na gari.

Jovin: Mbona hukuniambia?

Mama: Nilijua mmeshaliona. Wanaume wanne, wiki nzima.

Akaomba kahawa kidogo ya kupashia mwili. Nikainamisha birika, yakatoka mashapo. Nilitamani benchi lile linimeze, kwa sababu mabirika mawili yalikuwa yameteketea kwa ajili ya gari, na mwenye haja nalo hakubakishiwa hata funda.

Mama: Usijali, Gidioni. Mimi narudi. Krismasi nitakwenda na Elinipendo. Ameniambia nikae mbele, ndizi zikae nyuma.

Jovin: Lakini ulisema hupandi tena gari la mtu.

Mama: Nilisema sipandi gari ambalo bia imekaa na mimi sina pa kukaa.

Jovin: Na gari la baba je? Nilikuahidi.

Mama akamshika shavu mbele yetu sote, mtu mzima yule mwenye ndevu.

Mama: Mimi nilitaka kwenda kanisani, Jovin. Gari mlilitaka ninyi.

Elinipendo akampandisha mbele. Jovin alisimama kidogo, funguo mkononi, halafu akaparamia nyuma kwenye majani ya migomba, na pikapu ikageuka kuelekea mlimani. Kwa wiki nzima ile, nilikuwa sijaona mtu akiacha ubishi katikati na kutoka benchi lile kwenda upande gari lilipo.

 Kinyozi alitoka nje kutazama kulikoni. Ushirika alifungua mdomo, nadhani alitaka kusema kwamba enzi zile ukuta ule usingejengwa, akaufunga.

Pistoni: Lakini lingewaka.

 Nikaanza kukusanya vikombe.