Mlo Kabla ya Turbo

Basi lilipoiacha Isaka, Masalu alikuwa ameshamtangazia jirani yake wa kiti, Mama Festo, kwamba anakwenda Kahama kununua gari la turbo, na kwamba injini yeye huijua kwa mlio tu.

"Injini ikishapata moto huficha maradhi, baba," alisema mama yule. "Nilipomsindikiza Festo kununua lake, tulikuta boneti ni ya moto. Muuzaji kaliwasha mapema. Nikamwambia wageni hatujala. Nyumba ya Kisukuma, angekataa vipi? Nikala ugali polepole, nikaongeza, nikaomba na maziwa. Injini ilipopoa nikamwambia Festo awashe. Ukatoka moshi wa bluu, kuku wakakimbia. Tukashukuru kwa chakula, tukaondoka. Nyumba ya tatu, baada ya wali, ndipo tukapata zima."

Masalu akacheka. Gari halinunuliwi kwa tumbo, alisema, na wakabishana hadi stendi ya Kahama.

Basi liliposimama, simu ya Masalu ikalia. Alikuwa muuzaji wa gari. "Wahi, kaka, nimeshakuwashia, linanguruma."

Masalu alimtazama Mama Festo, aliyekuwa amejishughulisha mno na kanga yake.

"Lizime," akasema. "Nakuja na njaa."