Maganda Yetu, Moto Wao

Mgeni rasmi, karibu sana. Kiti ulichokalia tumekiazima kwa jirani zetu wa ng'ambo ya barabara. Hata viti wametuzidi.

TULIKOTOKA

Sisi ni wachambua taka wa soko hili. Kila alfajiri tunatenga maganda huku, plastiki na chupa kule. Plastiki tunauza. Maganda yanakokotwa hadi ng'ambo, yakaoze kwenye shimo lao lililofunikwa na kuwapa gesi ya kupikia.

Mwenzetu mmoja, mpishi wa hapa sokoni, ana mdogo wake aliyeolewa huko. Alipokwenda kumsalimia alikuta moto wa buluu na ukuta mweupe. Mdogo mtu akamuuliza, "Dada, masufuria yako bado yamefiwa?" Mpishi alicheka, akarudi, akayasugua masufuria yake yenye masizi ya kuni kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka. Yakabaki meusi.

TULICHOCHAGUA

Halmashauri ilituonyesha picha mbili: shimo kama la ng'ambo, na tanuri la kuchoma taka na kutoa umeme, lenye bomba refu la moshi. Mpishi alitangulia kunyoosha mkono.

"Hilo refu," alisema. "Waliangalie kila wakiamka."

Tulimpigia makofi sote.

YANAYOTUSUMBUA

Juzi mpishi alimuuliza mhandisi jiko lake litaunganishwa lini. Mhandisi, mtu mkweli, akamjibu kwamba umeme utaingia laini kuu, jikoni kwake haufiki. Maganda nayo yana maji, hayawaki yenyewe. Tanuri litataka plastiki, ile ile inayotulisha. Moshi je? Upepo wa hapa unatoka ng'ambo kuja kwetu. Kwa hiyo wao wangeliangalia bomba, sisi tungekohoa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, leo umekuja kuweka jiwe la msingi la tanuri. Tunaomba usiliweke. Tuchimbie shimo, maganda yetu yaishie kwetu, na plastiki tubaki nayo. Wivu tunao, hatufichi. Ikiwezekana, shimo letu liwe kubwa kuliko lao japo kidogo.

Mpishi yule amesimama nyuma pale na sufuria lake. Ameapa hatavuka barabara kumsalimia mdogo wake mpaka asikie jibu lako.

Mungu akupe kifua kizima na neno lisilorudi nyuma.

Ni sisi,
Wachambua Taka wa Sokoni, Upande wa Chini wa Barabara