Kote Narudi

Kwenye teksi ya abiria wengi ya kutoka mtaa wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, kwenda mjini, msusi wa Lubumbashi alimwuliza jirani yake, fundi cherehani Mrundi, kama mshono wa mfuko wa siri ndani ya mkoba wake ungefika salama. "Mama yangu mgonjwa, kesho nasafiri. Pasipoti ya hapa naonyesha hapa, ya Kongo naonyesha Kongo. Hazipaswi kuonana."

Fundi aliukagua mshono kwanza, sheria baadaye. "Sisi Burundi wanaturuhusu uraia wa nchi mbili. Ninyi Kongo, ukichukua wa pili, wa kwanza umeupoteza."

"Nimeupoteza wapi, papa? Si huu hapa?" Akapiga mkoba kofi. Abiria wote tulijifanya tunatazama nje.

"Haya. Afisa wa kule akikuuliza, unarudi ao unatembea tu kama mgeni?"

"Narudi."

"Na wa hapa, siku ukitoka kule?"

"Narudi."

"Kote unarudi, mama. Kwenda unaendaga lini?"

Msusi akaziona mbele taa za kuongozea magari, ambazo hapa huitwa roboti. "Afta roboti!" akampazia dereva sauti, kama mzaliwa wa hapa. Tukasimama ng'ambo ya taa.

"Tutaonana nikirudi, papa," akasema, na mlango ukafungwa kabla fundi hajauliza kurudi kupi.