Mizunguko Mitano ya Waya

Benchi la pale kona, mbele ya duka la fundi Koili, lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote chini ya jua. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa limeshazunguka mara mbili, na Koili alikuwa amejiinamia na kidani mkononi. Ukimjua utashangaa. Miaka ishirini alisuka upya waya za mota zilizoungua, halafu siku moja akakutana na vito, akapagawa. Akishika jiwe hulisemesha, hulilamba aone rangi yake, humwita mpita njia aje kuangalia. Sasa amebeba kidani kizuri kuliko vyote alivyowahi kusuka, jiwe la zambarau lililoshikwa na waya wa shaba bila gundi wala tundu, na uso umemshuka kama aliyefiwa.

— Sema basi, limekufanya nini? aliuliza Breki, dereva mstaafu.

— Nimelipasua.

— Wapi? Miwani, muuza miwani ambaye huvaa mbili kwa mpigo ili kutangaza biashara, alilisogeza jiwe puani. Mbona mimi sioni kitu?

— Huoni kwa sababu nimeufunika ufa. Mizunguko mitano ya waya, hapo katikati. Nilikaza kama nasuka mota, mkono umezoea hivyo. Nikasikia tiki!

Mwenye jiwe ni mama mshonaji wa mtaa wa pili. Marehemu mumewe alilitoa kwenye kisima alichokuwa akichimba, akaenda kuposa nalo, maana pete hakuwa nayo. Jumamosi mama anamwoza binti yao, na alitaka jiwe hilo liwe kifuani pa bibi harusi. Alikuwa aje kulichukua asubuhi hiyo hiyo. Koili alijua akisema kweli atakosa uso wa kupita mtaa wa pili, na akinyamaza hatashika jiwe lingine kwa raha.

— Kwani lazima useme? Breki alishangaa. Mawe hupasuka yenyewe. Joto, baridi, joto, baridi. Kioo cha lori langu kilipasuka gari limeegeshwa!

— Ulikipiga kwa kichwa, tulikuwepo, Miwani alimkatiza.

— Nilikuwa nasinzia. Kusinzia si kupiga.

— Nisikilizeni mimi, alisema Miwani. Jiwe lililokaa kisimani limekunywa maji. Maji yanatafuta pa kutokea. Hilo halijapasuka, ndugu zangu. Limepumua.

— Limepumua? Koili aliuliza.

— Mara moja kila miaka thelathini. Hesabu tangu walipochumbiana.

— Hapo umenena! Breki alijipiga goti. Na mimi naongeza. Limesikia habari za harusi. Jiwe la posa likisikia posa nyingine lazima lishtuke.

— Lina masikio?

— Wewe una macho sita na ufa hujauona, unauliza masikio ya jiwe?

Muuza kahawa alicheka mpaka akamimina nje ya kikombe. Hata Koili akatabasamu, na tuseme ukweli, hadithi ya kupumua ilishaanza kumwingia. Alikuwa anaifanyia mazoezi kimoyomoyo mama mshonaji alipotokea, futi ya kupimia shingoni, pini zimepangwa kwenye ukosi.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama. Karibu, karibu ukae.

Hakukaa. Alikipokea kidani kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga. Kisha akakigeuza nyuma, kama anavyogeuza gauni kuona mshono wa ndani. Kidole chake kikaufuata waya. Huu unashika juu. Huu unashika chini. Huu wa kuning'inizia. Kikafika katikati, kikasimama.

— Fundi, na huu unashika nini?

Breki akaikazia macho baiskeli iliyokuwa ikipita. Miwani akavua miwani zote mbili, akaanza kuzifuta. Koili aliitafuta ile hadithi ya kupumua, akaona haya.

— Haushiki kitu, mama. Unaficha. Nilikaza kupita kiasi, jiwe lako likaingia ufa. Kosa ni langu, na nilitaka usijue. Nisamehe.

Mama akamrudishia kidani.

— Fungua nilione.

Koili alichukua koleo, akaufungua waya mzunguko baada ya mzunguko. Mama akaliinua jiwe juani. Ndani ya ufa palikuwa na uzi mwembamba wa rangi, kijani na nyekundu, ukitembea kila alipoligeuza.

— Aliniletea likiwa na matope, alisema mama. Nikamuuliza, jiwe gani hili? Akasema hajui, ila alipoliona tu alinikumbuka. Mama akajifuta uso kwa kiganja. Lishike juu na chini, inatosha. Huo ufa uache wazi.

— Nitafanya hivyo, mama.

— Kuna mawe mengine uvunguni, kopo zima. Kila kisima alirudi na moja. Sijamwonyesha mtu, niliogopa kudanganywa. Labda uje uyatazame.

Breki akafungua kinywa, Miwani akamkanyaga mguu. Koili akaliweka koleo chini.

— Nije lini, mama?

— Hata leo.