Bi. Hilda Primus na Isale la Kilema

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2002, Bi. Hilda Primus anastaafu baada ya kuitumikia halmashauri yetu kwa miaka ishirini na saba akiwa Afisa Utamaduni. Wakurugenzi wamekuja na kuondoka, na karibu kila mmoja wao, katika wiki yake ya kwanza, alimwuliza kwa upole kazi yake hasa ni ipi. Aliwajibu wote kwa upole uleule, na wote walisahau jibu.

Wasifu huu umeandikwa na Idara ya Mifugo, wala hakuna makosa hapo. Chumba cha Utamaduni kilipogeuzwa stoo ya mabati, Bi. Hilda aliletewa meza katika ofisi yetu, kati ya friji ya chanjo na dirisha lisilofunguka. Aliambiwa ni kwa muda. Muda huo unaisha Jumapili.

Bi. Hilda ni mzaliwa wa kijiji cha Kilema, mlimani. Alifundisha shule ya msingi, akaenda kusomea sanaa Dar, kisha akarudi nyumbani kuanza kazi hii. Zamani hizo kazi ilijulikana: kiongozi akija, Utamaduni walete ngoma. Baadaye biashara huria ikaingia, viongozi wakaanza kupokelewa kwa spika za kukodi, na kikundi cha ngoma kikabaki kuitwa pale tu umeme unapokatika.

Hata hivyo hakukata tamaa. Siku moja walifika wafadhili kutoka Ulaya, wakaomba kuona vazi letu la asili. Ulikuwa mwezi wa Julai, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migombani. Akina mama wa kikundi wakatokea kucheza wakiwa wamevaa makoti mazito ya mitumba, na hakuna aliyekubali kuvua. Mgeni mmoja akaona koti lenye nembo ya shule aliyosoma yeye utotoni, akatokwa na machozi. Bi. Hilda aliripoti kwamba onyesho liligusa mioyo ya wageni, na hakusema uongo.

Lakini kumbukumbu yetu kubwa ni ya mwaka 1996, wakati wa kupunguza wafanyakazi. Mwenyekiti wa kamati ya kupunguza alikuwa Afisa Mipango, Bwana Gidioni, mtu wa Mwika aliyekuwa akiishi mtaa wa Soweto hapa Moshi mjini, hodari wa mahesabu na mpenda tai nyekundu. Kila idara iliitwa ijieleze. Zamu ya Bi. Hilda ilipofika, Bwana Gidioni alimwuliza, “Mama, utamaduni ni nini, na ukiondolewa nani atajua?”

Bi. Hilda akaeleza. Alisema utamaduni ni lugha tunayoongea na chakula tunachopika, ni jinsi tunavyoamkiana, tunavyooa, tunavyogawana shamba la ukoo, yaani kihamba, tunavyogombana na kupatana, na tunavyozikana. Alisema pia kwamba haukai mahali pamoja, unabadilika kila watu wanapobadilika. Alieleza vizuri, kwa muda mrefu kidogo. Karani akaandika neno moja: ngoma. Sote tulijua kwamba kikao kijacho kingemfuta.

Kabla ya kikao hicho, mama yake Bwana Gidioni, Bibi Elisifa, akafariki kule Mwika.

Msiba ulikuwa na kikwazo. Bei ya kahawa ilipoanguka, Bwana Gidioni alikuwa ametuma vibarua wakang’oa mibuni yote katika kihamba cha marehemu baba yake, ili apande nyanya. Kwa hesabu alikuwa sahihi kabisa. Ila hakumwuliza mtu, na mibuni ile ilipandwa na baba yake akisaidiana na mdogo wake, Mzee Ndelilio, ambaye bado alikuwa akiishi pale. Mzee alirudi kutoka kanisani akakuta mashina yakielekeza mizizi juu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Sasa mzee akatuma ujumbe mjini. “Mama yako tutamzika. Wewe utasimama barabarani.”

Bwana Gidioni alijitetea kwa njia anazozijua. Alitoa fahali, alitoa jeneza la mninga, alitoa mpiga video. Fahali alirudishwa. Akamtuma mchungaji, mchungaji akarudi na mkungu wa ndizi, bila jibu. Ndipo siku moja kabla ya mazishi alipoingia ofisini kwetu, macho mekundu kuliko tai, akasimama mbele ya meza ya Bi. Hilda.

“Shikamoo, mama.”

Ilikuwa mara ya kwanza. Bi. Hilda aligeuka kutazama nyuma, pengine salamu ilikuwa ya friji. Kisha akaitika, “Marahaba, mwanangu. Pole sana.”

“Lile jani la kuombea msamaha,” akasema. “Isale. Linatumiwaje? Mimi nililiona nikiwa mtoto tu, sikuwa nasikiliza.”

Bi. Hilda hakumkumbusha lolote, alimwambia tu kwamba anayelipokea mkononi amesamehe. Aliomba Landrova yetu, tukapanda mpaka Kilema, akakata isale katika mpaka wa kihamba chake na kulifunga fundo kama alivyofundishwa na bibi yake. Kutoka hapo tukaelekea Mwika.

Uani tulikuta wazee wengi, na pombe ya mbege tayari. Bwana Gidioni alipita katikati yao na suti yake, akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, akamnyooshea baba yake mdogo lile jani kwa mikono miwili. Mzee Ndelilio hakumtazama yeye. Alilitazama jani.

“Nani amekufungia hili?”

“Ni mimi, baba,” akasema Bi. Hilda.

“Umetoka wapi, mama?”

“Kilema.”

“Ndiyo maana.”

Mzee mmoja akasema isale halifungwi fundo kamwe. Wa pili akasema linafungwa, ila ncha hutazama chini. Wa tatu akasema wote wawili wamepotea, kwani jani lenyewe ni bure bila maziwa. Shangazi wa marehemu baba yake Gidioni, Bibi Elinipendo, akatoka jikoni na mwiko mkononi kuwaambia kwamba wanaume hawajui kitu, kwa sababu yeye alipoletewa isale kuombwa msamaha, ndiye aliyelifungua. Sauti zikapanda. Wengine wakahamia Kichagga, na hata hapo wa Mwika juu na wa Mwika chini hawakuelewana. Afisa Utamaduni alisahihishwa na kila mtu mwenye mdomo. Bwana Gidioni alikuwa bado amepiga magoti.

“Lete hapa!” akasema Mzee Ndelilio, akalinyakua jani mikononi mwa Gidioni ili awaonyeshe. Akafungua fundo, akalikunja upya, akaliinua juu. “Hivi! Ndivyo marehemu kaka yangu alivyofunga!”

“Ndelilio,” akasema Bibi Elinipendo taratibu, “umelipokea.”

Mzee akalitazama jani lililokuwa mkononi mwake, kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama mtoto wa kaka yake. Angeweza kulirudisha. Hatukujua angefanya nini, na nadhani hata yeye hakujua.

“Nimelipokea,” akasema. “Inuka, utaharibu suruali. Mama yako yuko ndani.”

Mzee alimshika mkono, wakaingia pamoja, na tukasikia kilio kutoka ndani. Kesho yake Bwana Gidioni ndiye aliyetupa udongo wa kwanza kaburini.

Njiani kurudi Moshi tulimwuliza Bi. Hilda kama alikosea fundo kwa makusudi. Akasema, “Kwetu linafungwa hivyo,” akalala usingizi mpaka mjini.

Kikao cha kamati kilifanyika baada ya arobaini. Karani akasoma, “Utamaduni.” Bwana Gidioni akasema, “Hapo pana mtu. Tuendelee.” Waliopunguzwa mwaka ule walikuwa wawili wa Mifugo, jambo tunalolitaja hapa bila kinyongo. Nyanya za Mwika nazo zilistawi sana, na anayeziuza sokoni mpaka leo, kwa ukali wa bei unaosifika, ni Mzee Ndelilio.

Hakuna mtu aliyeteuliwa kushika nafasi ya Bi. Hilda. Tumeambiwa kazi zake zitafanywa na atakayekuwa na nafasi. Yeye anarudi Kilema kwa mumewe, Mzee Basili, na kwa tamthilia ya Kimeksiko ambayo Afisa Utamaduni wetu hajawahi kukosa hata sehemu moja.

Mama Hilda, Mifugo tunakushukuru kwa miaka uliyotuvumilia na harufu ya dawa zetu. Tunakuombea migomba minene, wajukuu wa Dar watakaoitika ukiwaita kwa Kichagga, afya njema, na jirani mmoja mbishi wa kukusahihisha kila asubuhi. Uishi vema.

Eliufoo, Idara ya Mifugo, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako wote