Paipu Mpya Ilikuwa Juu ya Kabati

"Ni wewe ulisema hii kitu iwekwe, Baba. Sema ni wewe."

"Toa hiyo takataka kwa meza. Kuna wageni."

"Wacha wageni waone."

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo nilipata hiyo nyumba Jumanne, huko Muthara. Hata hodi sikuwa nimepiga. Nilikuwa nimetumwa kuchukua tangazo la kifo, nirudi nalo hapa Meru nilisome, basi. Nikapata kijana amesimama katikati ya sebule, ameshika kipande cha mpira juu ya meza. Mbele yake baba amekaa kwa kiti, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Kijana anaitwa Nthiga. Baba ni Mzee Kithinji. Na mtu tunamkumbuka leo ni Nkirote, bibi ya Kithinji, mama ya Nthiga na dada yake Kajuju. Nkirote wa Muthara. Alichomwa na gesi akipika chai ya asubuhi.

Hilo tangazo ninalo hapa. Limeandikwa ati aliaga "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Sisomi hiyo. Nkirote hakuwa mgonjwa. Nkirote alikuwa mzima kuliko mimi. Na kama unaskia sauti yangu iko juu leo, wacha ikae hapo juu. Watoto wake wameniambia niseme yote. Mzee Kithinji mwenyewe nilimuuliza. Akaniambia, "Sema vile uliona."

Sasa nawaambia vile niliona, na vile niliambiwa.

Nkirote alipika na kuni miaka yake yote. Kama mama yako, kama shosho yako. Macho mekundu, kitambaa kinanuka moshi. Halafu wakaanza chama, yeye na akina mama wa kanisa, wakasema kila mmoja atanunuliwa gesi, zamu kwa zamu. Zamu yake ikafika. Alikataa kuletewa na mtu wa boda. Alikaa nyuma ya pikipiki mwenyewe, amekumbatia huo mtungi kama mtoto, na jiko la bana mbili, za kupikia sufuria mbili, limefungwa hapo nyuma. Kajuju anasema mama yake alicheka tangu barabarani mpaka mlangoni.

Jumapili iliyofuata akavaa nguo ya kanisa kwanza, ndio akapika chai. Mnanielewa? Alivaa kwanza. Akaenda kanisani hanuki moshi. Kajuju anasema, "Mama alikuwa anaketi karibu na watu makusudi, wamnuse."

Huyo ndiye Nkirote. Mtu wa kufurahia kitu mpaka wewe pia unafurahi.

Basi, paipu ya gesi ikakatwa na panya. Ni kitu ya kawaida, inatendeka kila boma. Paipu ya gesi ikikatwa unanunua ingine ya gesi, iko dukani. Lakini Mzee Kithinji ni mtu wa shamba, na watu wetu wa shamba mnawajua. Boma yote imezungukwa na mpira wa spinkla, ya kumwagilia shamba. Spinkla ikipasuka unakata kipande, unaunga, unafunga na blada, ile mpira ya tyubu ya gari, maji yanaendelea. Mzee akaona mpira ni mpira. Akakata kipande cha spinkla, akaingiza huku kwa jiko na huku kwa mtungi, akakaza na blada. Akapaka sabuni ya mche pale kwa kuunga, vile watu hupaka tangi la pikipiki likivuja. Akasema imeisha.

Wasikilizaji, ile mpira ni ya maji. Gesi inaikula. Inakauka, inakuwa ngumu kama mfupa, halafu inapasuka mahali huoni. Na blada ikipata moto inalegea. Hii sijasoma kwa kitabu. Hii niliishika na mkono wangu hiyo Jumanne, kijipande cha ile ya zamani ambacho moto haukufikia, nikaikunja kidogo, ikavunjika kama muhogo mbichi.

Nkirote alijua. Alikuwa anaskia harufu. Akaanza kupika mlango ukiwa wazi, hata ile baridi ya Julai, jirani wanamcheka ati siku hizi anapikia ng'ombe. Akapigia Nthiga simu. Nthiga anafanya kazi Embu, duka la vyombo. Akamwambia, "Kunanuka kama kitunguu imeoza, na sina kitunguu imeoza."

Nthiga akaja. Alileta paipu ya gesi mpya, ile ya rangi ya machungwa. Alileta klipu mbili za chuma na regyuleta mpya, ile ya kufunga kwa kichwa cha mtungi. Alibeba hata bisibisi.

Na hapa ndio damu yangu inachemka.

Mnajua kwetu mwanaume akishatahiriwa haingii jikoni kwa mama yake. Anangoja chakula sebuleni. Ni heshima, sawa, na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Nthiga akasimama na hiyo paipu, akamwomba baba yake ruhusa aingie mara moja tu, aifunge, atoke. Mzee Kithinji akamuuliza, "Unataka kuingia kwa sufuria za mama yako kama kaiji?" Kaiji ni kijana hajapelekwa kutahiri. Mtu mzima kuitwa hivyo mbele ya dada yake. Nthiga akasema basi jiko litolewe nje, alifungie hapo uwanjani. Mzee akasema ile kazi ameifanya mwenyewe na haina shida, na kama itabadilishwa ataibadilisha yeye, akitoka kuvuna miraa.

Nthiga akaweka paipu juu ya kabati ya sebule, kando ya televisheni. Akarudi Embu.

Paipu mpya ilikuwa juu ya kabati. Narudia ndio uskie vizuri wewe uko huko shambani na redio kwa mti. Paipu mpya ilikuwa ndani ya hiyo nyumba. Klipu zilikuwa ndani ya hiyo nyumba. Miraa ikavunwa, ikavunwa tena. Kajuju ameniambia kitu sijui nitaitoa vipi kichwani. Ameniambia, "Mama alikuwa anaipanguza vumbi."

Mtasema, mbona asiifunge mwenyewe. Kajuju alimuuliza hivyo. Nkirote akajibu, "Nikiifunga mimi, nitakuwa nimemwambia babako hajui kazi." Akaendelea kufungua mlango.

Halafu asubuhi moja mvua ilikuwa inapiga upande wa jikoni. Akafunga mlango, maji yasiingie kwa unga. Akawasha kiberiti.

Mzee Kithinji ndiye alimtoa. Nasema hii pia kwa sababu ni ukweli. Aliingia kwa moto akiwa na fulana tu, akambeba, ndio maana mikono iko vile iko. Kajuju ndiye alifunga mtungi. Nkirote alipelekwa hospitali hapa Meru, na hakurudi.

Kwa Mzee Kithinji, pole. Naisema nikiwa na hasira na naisema nikimaanisha. Kajuju, pole sana. Nthiga, pole, ndugu yangu. Akina mama wa chama, ninyi mlimnunulia furaha, msijilaumu. Na wewe unaniskiza, saa hii, kabla sijamaliza, nenda uangalie jiko lako. Funga mtungi kwanza. Kunja paipu na mkono. Kama imekauka au ina nyufa, toa. Kama imefungwa na blada ama waya, toa. Toa regyuleta, angalia ile mpira ndogo ya duara ndani, kama imekatika usiweke sabuni, nunua ingine. Na kama mtoto wako amekuletea paipu, jiulize unangoja nini. Mimi nimejiuliza siku hizi zote mama wangapi wanapika mlango ukiwa wazi ndio mtu mmoja asiaibike.

Sasa niwarudishe Jumanne, pale sebuleni, kwa sababu hamjaskia hiyo kelele ilikuwa ya nini.

Nkirote alikuwa bado kwa mochari. Wageni wamekuja kulia na familia, na wageni lazima wanywe chai. Lile jiko lilikuwa limepona, limekuwa jeusi tu. Mzee Kithinji hawezi kushika kitu na hiyo mikono, kwa hivyo alimwelekeza ndugu yake, Muturi. Na Muturi akaenda akakata kipande kingine cha spinkla. Blada ingine. Sabuni ingine. Kajuju alikuwa ameshika kiberiti wakati aliskia harufu, akafunga gesi, akang'oa hicho kipande, akamwita kaka yake akampa pale mlangoni.

Hicho kipande ndicho Nthiga alikuwa ameshika. Si cha zamani, hicho kiliungua kikabaki kile kijipande nilivunja. Kilikuwa kipya.

Muturi akaanza kusema ni mambo ya haraka, wageni ni wengi, ni kazi ya Mungu. Nthiga akakiacha kipande hapo kwa meza. Alienda kwa kabati. Akachukua paipu, klipu na regyuleta, na bisibisi. Akatembea mpaka mlango wa jikoni, mbele ya wazee wote, na akaingia.

Nilisimama mlangoni nikaona. Alibeba mtungi na jiko nje kwa upepo, akaweka regyuleta mpya, akasukuma paipu mpaka ikafika mwisho, akakaza klipu huku na huku. Akamwomba Kajuju povu la sabuni kwa bakuli. Akafungua gesi, akapaka povu kila mahali pa kuunga. Upande mmoja kukatoka mapovu madogo madogo. Akafunga gesi, akakaza tena, akapaka tena. Povu likatulia. Akarudisha vyote ndani. Ndio akamwambia dada yake, "Sasa pika."

Kazi yote haikumaliza hata muda wa chai kuchemka.

Alipotoka, Mzee Kithinji alikuwa amesimama. Akasema, polepole, "Umeingia jikoni kwa mama yako."

Nthiga akasema, "Mama hayuko."

Akachukua kile kipande cha spinkla kwa meza, ampe baba yake. Mzee hangeweza kukishika na hiyo mikono, kwa hivyo Nthiga alikiweka juu ya kabati, kando ya televisheni, pale pale paipu ilikuwa imekaa. Akabeba begi yake.

Nthiga akatoka, akafunga mlango.