Mita Iliyosema Sifuri

Sogeeni wanangu, wewe Dastan na wewe Careen, mnisikilize kabla pumzi haijanikatikia, maana la kuvunda halina ubani, na hili limevunda kifuani mwangu miaka kumi na mmoja.

Nyumba hii ya Matogoro ni yenu wote wawili, msiigombee. Hilo ni jepesi. Zito ni ile mita ya kupimia umeme iliyomo kwenye begi langu la kazi, ambayo kila mmoja wenu ameitolea macho kwa kuwa nyote ni mafundi. Simpi yeyote.

Mnamkumbuka Polikarp, fundi mwenzangu, aliyekufa kwa shoti kwenye mashine ya kusaga kule Mshangano. Waya mwekundu wa mita yangu ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, nami nilijua. Niliuzungushia selotepu, nikazoea kuukunja kwa kidole ili mita isome, na uzembe huo nikauita ufundi. Siku ile tulizima swichi tuliyoidhani ndiyo yenyewe, nikampa mita, nikaenda kuzungumza na mwenye mashine, wala sikumwambia habari ya kile kidole. Akapima, ikamwonyesha sifuri, akashika.

Hilo pengine lingesameheka. Lakini msibani, waliponisimamisha nieleze mbele ya watu jinsi alivyofariki, kama ilivyo ada yetu, nilisema, "Ndugu yetu hakupima." Nilisema hivyo jeneza likiwa mbele yangu. Niliogopa, wanangu, nikamtwika marehemu kwa kuwa marehemu hajibu. Tangu hapo mafundi wa Majengo wakimkanya mzembe humwambia, usiwe kama Polikarp, na mkewe Kunegunda huyasikia hayo akipita.

Nyie mkishika kipimo chochote, kagueni kwanza waya zake, kijaribuni penye umeme mnaoujua, ndipo mpime kazi yenu, kisha mrudi tena palepale mhakikishe hakijafia mkononi. Kikiwa na kasoro msikifunge selotepu, wala msimwazime mtu. Mita yangu ikateni waya zote mbili mkaitupe. Na siku ya kunizika, kabla hamjasoma wasifu wangu, semeni haya niliyowaambia.

Lakini hapana. Hapo nitakuwa nimejificha tena, safari hii ndani ya jeneza langu mwenyewe. Kunegunda yuko hapo uani na wanajumuiya, leo siku ya nne anakuja kunisalia rozari, na uji nilioonja asubuhi ameupika yeye. Kila kijiko kilinichoma.

Mwite, Dastan. Mungu awabariki, ailinde mikono yenu, awape ulimi mwepesi kukiri kuliko wangu. Careen, niinue kidogo... mto... hivyo hivyo, inatosha.

Karibu, shemeji. Kaa hapa karibu, sauti yangu haifiki mbali. Wanangu hawa ni mashahidi... Polikarp alipima.